Kanda ya Kamanda

Dagaa hawaji kwenye taa mwezi unapokuwa mkubwa. Kila mtu wa Kigoma anajua hilo, hata asiyewahi kupanda mtumbwi, kwa sababu siku hizo mboga huadimika sokoni na wavuvi hujaa mitaani mchana kweupe, wamelala wakashiba usingizi na hawana la kufanya. Mjomba wangu alijenga biashara yake juu ya siku hizo. Alikuwa na banda la video kule Ujiji: kuta za tofali za udongo, bati juu, mabenchi tisa, runinga moja kubwa, deki mbili na jenereta lililofungwa kwa mnyororo kama mbwa mkali.

Mimi nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu na shahada ya sosholojia ambayo hakuna mtu Ujiji aliyejua ni dawa ya nini. Nilikuwa nikisubiri majibu ya barua za kazi. Huku nikisubiri, mjomba alinipa maiki.

Kazi yangu ilikuwa kutafsiri. Filamu ikianza, nilikaa kando ya runinga, nikapunguza sauti ya wenyewe, nikawaeleza watu kwa Kiswahili kinachosemwa. Kiingereza nilikijua. Kichina na Kihindi sikujua, kwa hiyo nilitunga. Hakuna aliyelalamika. Niligundua mapema kwamba watu hawakuja kuiona filamu; walikuja kunisikia nikiiona. Baada ya kila utani nilinyamaza kidogo na kupandisha sauti ya filamu, ili wapate nafasi ya kucheka bila kupitwa na utani unaofuata. Hiyo nafasi ndiyo siri ya kazi. Mtafsiri asiyejua kunyamaza hupoteza wateja. Waliniita Msomi, nami nilijifanya sipendi.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Maboti yalishusha watu Kibirizi na magodoro yao yaliyolowa, magari meupe ya misaada yakawabeba kwenda makambini, na amri ilikuwa moja: mkimbizi akae kambini. Lakini Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, na mtu akijua kufunga mdomo kwa wakati anaweza kuishi mjini kama mgeni aliyetoka kijiji cha mpakani. Katika chumba cha nyuma cha mjomba alikaa mwanamke wa namna hiyo. Alikuwa fundi cherehani. Mjomba alimwambia mtendaji wa mtaa kuwa ni wa ukoo wa mkewe, mtendaji akaandika hivyo, na mke wa mjomba akaanza kumwita "mdogo wangu" mpaka nadhani naye akaamini. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye desturi ya kushika pini mdomoni hata asiposhona. Mume wake alibaki ng'ambo. Alimwambia tangulia, nalinda vyombo vya duka, nakuja. Ilikuwa imepita miaka miwili, na kila boti lilipofika Kibirizi alipata sababu ya kwenda huko: kununua uzi, kupeleka suruali ya mtu. Hakuwahi kusema anamtafuta nani. Sote tulijua.

Kanda ililetwa na mfanyabiashara wa vitenge aliyekuwa akivuka ziwa kila wiki mbili. Alimwekea mjomba juu ya kaunta akicheka peke yake.

"Kuna nini humo?" mjomba aliuliza.

"Kamanda wao. Yule mkubwa wa msituni. Jeshi limevamia kambi yake, limekuta kamera na kanda ndani. Wameionyesha kwenye runinga yao nchi nzima, sasa inauzwa sokoni kama njugu. Weka uone. Ukiacha kucheka, nirudishie."

Yule kamanda tulikuwa tukimsikia redioni kwa muda mrefu. Jina lake pekee lilitosha kumfanya mtu apakie watoto kwenye mtumbwi. Tuliiweka.

Kamera ilianzia chini: buti jipya, kamba zimefungwa vizuri, halafu ikapanda taratibu, suruali ya kombati, mkanda, kifua, mpaka uso wenye miwani ya jua. Nyuma yake walisimama wapiganaji kama ishirini. Alihutubia kidogo, akapewa bunduki ya rashasha ili awaonyeshe wenzake na ulimwengu. Hapo ndipo mambo yalipoanza. Magazini ya risasi ilikataa kuingia. Aliigeuza, ikakataa. Aliipiga kwa kiganja. Mpiganaji mmoja alisogea kumsaidia, akafukuzwa kwa kiwiko. Mwishowe iliingia, akalenga kilima, akavuta, kimya. Akavuta tena, kimya. Akaiinamisha kuichungulia, na papo hapo ikafyatuka, risasi zikachimba ardhi karibu na buti lile jipya. Kamanda aliruka nyuma, kofia ikaanguka, miwani ikabaki imening'inia sikio moja. Wale ishirini waliangalia mawinguni.

Halafu alirudia. Alivaa kofia, akasimama pale pale, akaanza upya kama vile hakuna kilichotokea, na safari hii mtu mwingine alikuwa ameiandaa bunduki. Ililia vizuri sana. Ni wazi hicho ndicho kipande walichokusudia watu wakione.

Siku ya kwanza ya mbalamwezi banda lilijaa mpaka mlangoni. Nilishika maiki.

"Mwangalieni mheshimiwa! Anafungua dumu la mawese huyo, kifuniko kimeganda!"

Banda lilivuma.

"Mzee, samaki huyo mshike kichwani! Mgebuka haushikwi mkia!"

"Msomi, mwambie apige chafya!" mvuvi mmoja alipiga kelele kutoka nyuma.

"Chafya amepiga, ndiyo hiyo imetokea kwenye mtutu! Na huyu ndiye mliyemkimbia? Huyu hata karabai hawezi kuwasha bila kuunguza mtumbwi!"

Walicheka mpaka wengine wakatoka nje kupumua. Miongoni mwao walikuwemo watu waliovuka ziwa kwa sababu ya yule kamanda. Mmoja, mtu wa makamo aliyekuwa akibeba mizigo Kibirizi, alikuja baadaye akanishika mkono kwa mikono miwili. "Leo mimi na kamanda tuko sawa," aliniambia. Sikuelewa vizuri alichomaanisha, lakini nilichukua kama shukrani.

Nilijiona nimefanya jambo. Chuoni tulikuwa tukikesha tukibishana kuhusu hofu na madaraka, na hapa, kwenye banda la udongo, nilikuwa nikiwanyang'anya watu hofu yao kwa maiki iliyofungwa kwa plasta. Nilikuwa mtu wa kuuliza kila kitu. Nilimuuliza shehe kwa nini, nikamuuliza katekista kwa nini, nikamuuliza mjomba kwa nini anapigia kura watu anaowatukana. Hata kanda ile niliihoji. Nilimwambia mjomba huenda ni maigizo, huenda jeshi lilimvalisha mtu kombati. Nilichunguza vivuli kuona kama ilipigwa siku moja. Niliuliza nani anafaidika. Sikuuliza nani ameshika kamera. Kamera kwangu ilikuwa kama dirisha, na nani huuliza jina la dirisha?

Mwezi ulipopungua na wavuvi wakarudi ziwani, mjomba alikuja na wazo. Mabanda mengine yalikuwa yakiitaka ile kanda, lakini yaliitaka pamoja nami, na mimi ni mmoja.

"Ingiza sauti yako humo humo," alisema. "Ikae. Kisha tunanakili, wewe unabaki hapa."

Nilifanya kazi hiyo kwa siku mbili nzima. Deki moja ikicheza, nyingine ikirekodi, maiki katikati, nikipunguza sauti ya kanda ninapoongea na kuipandisha ninaponyamaza. Nilirudia tena na tena mpaka kila utani ukakaa mahali pake. Nilipomaliza, mjomba alikuwa akitafuta kanda tupu ya kurekodia fainali ya mpira, na kanda tupu zilikuwa zimeadimika. Nakumbuka maneno yangu vizuri kuliko ninavyotaka. "Chukua ile ya kamanda ya mwanzo," nilimwambia. "Haina kitu. Haina sauti yangu." Mpira ulirekodiwa juu yake. Goli la ushindi liko pale ambapo bunduki ilifyatuka.

Mbalamwezi iliyofuata fundi alikuja bandani. Hakuwa mtu wa banda. Alileta pazia jeusi la dirisha ambalo mjomba alimwagiza, maana jua la alasiri lilikuwa likiingia na kufifisha picha. Kanda ilikuwa ikicheza. Mimi nilikaa kando nimekunja mikono, nikisikiliza sauti yangu mwenyewe ikifanya kazi. Nilimwona akipanda kwenye benchi kulitundika, na kamera kwenye runinga ikipanda kutoka kwenye buti. Aligeuka. Alisimama juu ya benchi na pazia mkononi, pini mdomoni, mpaka mtu wa nyuma akamwambia, "Dada, wewe si kioo, tunaomba tuone." Akashuka. Hakutundika pazia. Alitoka nalo.

Kesho yake asubuhi alinikuta uani nikinawa uso.

"Mdogo wangu, ile kanda. Naomba uniwekee bila maneno yako."

"Kwa nini, dada? Haikuchekeshi?"

Aliangalia mlango wa jikoni, ambako mke wa mjomba alikuwa akichochea moto, akashusha sauti.

"Mume wangu alikuwa mpiga video. Wa harusi. Kila bibi harusi alimwanzia kwenye kiatu. Mimi mwenyewe alinianzia kwenye kiatu. Watu walimcheka, wakisema, sisi tunataka uso, unatuonyesha viatu? Alisema mtu huanzia alikosimama. Nimeona vile viatu jana."

Nilikuwa na jibu tayari, kama kawaida yangu. Nilimwambia wapiga video wengi hufanya hivyo.

"Ndiyo maana nataka kusikia," alisema. "Lazima aliongea. Hawezi kupiga picha bila kuongea. Niwekee nisikie sauti, nitajua. Kama ni yeye, basi mwezi ule kamanda alipopigwa picha, mume wangu alikuwa hai. Sina habari nyingine yoyote, ni hiyo tu. Sitamwambia mtu, na wewe usimwambie mtu. Unajua ikisikika kuwa mume wangu yuko na wale, chumba hiki sikai hata siku moja."

Ilibidi nimwambie. Nilimwambia huku nimeshika taulo usoni, nikijifanya bado najifuta. Kwamba kanda ya mwanzo haipo. Kwamba iliyopo ni yangu.

Hakupiga kelele. "Juu yake mmeweka nini?"

"Mpira."

"Mpira," alirudia, taratibu, kama mtu anayejifunza neno.

Nilianza kuitafuta. Mfanyabiashara wa vitenge hakuonekana tena. Wengine walisema anapitia bandari nyingine siku hizi, wengine wakatikisa kichwa tu. Niliambiwa kuna kanda Mwandiga kwa muuza vipuri vya baiskeli. Nikaenda. Akaiweka kwa furaha, akanikaribisha soda, na kutoka kwenye spika nikasikia: Mwangalieni mheshimiwa. Akanipiga bega. "Unajisikiaje, Msomi?" Niliambiwa mwalimu mmoja Mwamgongo anayo aliyoipata kwa Warundi moja kwa moja. Nilipanda boti asubuhi, nikafika nimelowa, nikangoja jenereta lake litiwe mafuta. Nikasikia: Mgebuka haushikwi mkia. Kila nilikokwenda nilijikuta nimekwisha kufika. Nimesoma mengi kuhusu namna wenye nguvu wanavyofuta sauti za wanyonge. Hakuna kitabu kilichoniambia kwamba inaweza kufanywa na mtu asiye na kazi, kwa maiki ya plasta, huku akishangiliwa.

Niliporudi nilimwambia ukweli: zote ni zangu. Lakini kuna zile nafasi za kucheka, ambapo nilinyamaza na kupandisha sauti. Kama alisema neno, huenda liko humo.

Tulifungua banda siku ya tatu tangu nirudi, asubuhi, wavuvi wakiwa bado hawajaamka. Tulikuwa watatu, kwa sababu mke wa mjomba, ambaye fundi mwenyewe alikwisha kumweleza, alisema si vizuri mimi na fundi tukae peke yetu gizani, ingawa giza halikuwepo. Dirisha halikuwa na pazia. Mke wa mjomba alikaa benchi la nyuma akichambua mchele kwenye ungo. Fundi alikaa chini, sikio karibu na spika. Niliweka kanda.

Sijawahi kujisikia hivyo. Dumu la mawese. Kwenye banda tupu, bila kicheko, utani ule ulianguka sakafuni kama sahani. Kisha nafasi: upepo, kuku mahali fulani, mguu ukikanyaga majani. Hakuna neno. Mgebuka. Nafasi: mtu anakohoa mbali. Fundi alitikisa kichwa, siye. Kisha ile ya chafya na karabai, bunduki ikafyatuka, kamanda akaruka, nami nikanyamaza kwa muda mrefu kuliko popote, maana hapo ndipo nilipotegemea watu wacheke zaidi. Na hapo, karibu kabisa na kamera, mwanamume alisema kwa Kiswahili cha Bujumbura, kwa upole, kama anayemtuliza bwana harusi aliyejikwaa mlangoni:

"Usijali, mukubwa. Hapo nitakata."

Kisha nikaingia mimi tena.

Fundi aliweka kiganja juu ya spika. "Rudisha."

Nikarudisha. Usijali, mukubwa. Hapo nitakata.

"Rudisha."

Mke wa mjomba aliacha mchele. "Ndiye?" aliuliza.

"Ndiye. Kila harusi alisema hivyo. Mama mkwe akilia vibaya, keki ikianguka. Hapo nitakata, msijali." Alikuwa akitabasamu, na uso wake ulikuwa umelowa. "Mimi nilikanyaga gauni langu nikaanguka kwenye ngazi za kanisa. Akaniambia hivyo hivyo. Na kweli alikata."

Nilijua kitu ambacho yeye alikuwa bado hajakisema. Alikuwa ameahidi kukata na hakukata. Kanda ilifika kwa maadui nzima nzima, na makosa yote ndani. Maana yake hakupata muda. Maana yake siku jeshi lilipoingia kambini, kamera ilikuwa pale, na mpiga picha hakai mbali na kamera yake. Isipokuwa ile ahadi, wiki nzima nilikuwa nimeyapanga hayo kichwani, hoja juu ya hoja, kama ninavyopanga kila kitu. Tena kulikuwa na swali lingine: alikuwa akifanya nini pale? Alichukuliwa kwa nguvu au alikwenda mwenyewe? Sauti ile haikuwa ya mtu aliyeshikiwa panga. Ilikuwa ya mtu kazini.

"Dada," nilianza, "kanda kukamatwa maana yake..."

"Usinitafsirie."

Alisema bila kugeuka. Mke wa mjomba aliniangalia kwa jicho ambalo sijalisahau, akarudi kwenye mchele wake.

Aliomba nirudishe kidogo zaidi, kwenye sekunde chache kabla ya yale maneno, ambapo mimi mwenyewe nilishindwa kujizuia nikacheka ndani ya maiki. Alisema chini ya kicheko changu kuna kingine. Alisikiliza mara nne. Alisema mume wake naye alikuwa akicheka, kwa pua, kama alivyozoea kucheka mbele ya wakubwa.

"Umesikia?"

Nilisikiliza kwa bidii zote. Nilisikia mimi tu.

"Sijui, dada."

"Leo ndiyo hujui," alisema.

Aliondoka kabla mwezi haujapungua. Mke wa mjomba alilia, mjomba akasema sheria ni sheria ingawa ndiye aliyeivunja miaka miwili. Fundi alikwenda kambini mwenyewe, kwa hiari, kujiandikisha, kwa sababu kule kulikuwa na watu wanaoandika majina ya waliopotea na kuyapeleka ng'ambo. Hapo mtu huombwa picha au kitu chochote cha kumtambulisha anayetafutwa. Picha hakuwa nazo. Mpiga picha hapigwi picha. Aliomba kanda, nikampa ya kwetu. Nilimweleza aliyeandamana naye ni dakika gani, ili karani asilazimike kusikiliza yote. Najua karani alisikiliza yote. Pazia fundi alilimaliza, akalikunja, akaliacha juu ya cherehani la mke wa mjomba alilokuwa akilitumia.

Habari zake zilitufikia mara moja tu, kupitia mwanamke aliyeuza mihogo karibu na kambi: yupo, anashona, bado hajajibiwa.

Wavuvi waliporudi waliuliza, "Msomi, kamanda wetu yuko wapi?" Niliwaambia kanda imekatika. Niliendelea kutafsiri Wachina mpaka barua yangu moja ilipojibiwa. Lakini nakala zilikuwa zimekwisha kusambaa, na kanda haina mwenyewe.

Siku moja nilikuwa nikipita Bangwe, alasiri, jua kali. Kwenye kibanda kimoja cha mabati nilisikia sauti yangu. Nilisimama nje, kando ya dirisha lililozibwa kwa gunia. Nilijua yalipofika: chafya, mtutu, karabai. Bunduki ikalia. Nikanyamaza humo ndani, nami nikasogeza sikio kwenye gunia, kwa sababu sekunde ile ilikuwa inakuja.

Sikusikia kitu. Watu walikuwa wakicheka. Ndiyo kazi niliyoiachia nafasi ile, na waliifanya vizuri, wote kwa pamoja, mpaka niliporudi kuongea.